Kufuli Si Bango la Mauzo

Toka Ngomeni, shika Ndia Kuu, ukate Barabara ya Mbarak Hinawy mpaka Bandari ya Kale, kisha urudi kwa vichochoro vya Kibokoni. Hutakosa nyumba zilizofungwa. Mlango wa nakshi una kufuli lenye kutu, roshani imeinama upande, mche wa mkuyu umeota kwenye ufa wa ukuta, na pale palipokuwa na mita ya stima pamebaki waya mbili zinazoning'inia. Mwenye akiba yake akipita hapo huanza kupiga hesabu. Kisiwa cha Mombasa hakiongezeki, wapangaji hawakosekani, wageni hupita na kamera zao kila siku, na nyumba imekaa bure.

Je, nyumba hizo zafaa kununuliwa ziwe kitega uchumi? Na mtu atajuaje kwamba anachonunua ni nyumba, si ugomvi wa watu wengine? Nimewaweka barazani watu wanne wa kutungwa, nao wanabishania nyumba ya kutungwa. Hoja zao ndizo zinazosikika mtaani kila baada ya laasiri, na sheria, vipimo na historia wanayoitaja ni ya kweli. MNUNUZI ni mtoto wa mtaa aliyefanya kazi Maskati na kurudi na akiba. MRITHI ni mama mtu mzima mwenye fungu katika nyumba iliyofungwa. FUNDI amezeekea katika chokaa na boriti. WAKILI ni binti wa hapa hapa anayeshughulikia kesi za ardhi. Nitaingilia kati ninapoona pana haja, kwa kuwa nina upande wangu: bei ya nyumba tupu haijulikani mpaka ijulikane kwa nini ni tupu.

MNUNUZI: Mama, shikamoo. Sitazunguka. Nyumba yenu ya nyuma ya msikiti imefungwa tangu mimi sijasafiri. Nina pesa za halali. Sitaki kuzipeleka Nyali kununua fleti inayofanana na fleti nyingine ishirini. Nataka kurudi hapa. Juu niishi na watoto, chini nikodishe, vyumba viwili niweke wageni. Nimeambiwa mwataka milioni 14. Nipeni bei ya mwisho tumalize.

MRITHI: Marahaba, mwanangu. Nani aliyekwambia milioni 14?

MNUNUZI: Dalali.

MRITHI: Dalali katumwa na nani? Mimi sikumtuma. Ndugu yangu hakumtuma. Kufuli lile nililitia mimi kwa mkono wangu, maana vijana walikuwa wakiingia usiku kuvuta unga. Nililitia kwa sababu nyumba ina wenyewe. Wewe na dalali wako mmelisoma kama bango la mauzo.

MNUNUZI: Nisamehe, mama. Lakini mtu atajuaje? Nimetembea mtaa mzima na daftari. Kila nyumba yenye mti ukutani, isiyo na stima, isiyo na mlango unaofunguliwa, nimeandika. Nimepata orodha ndefu.

WAKILI: Kutembea ni kuzuri, kaka, na ndipo pa kuanzia. Ila orodha yako ina majengo tu. Rudi upite tena, safari hii na masikio. Muulize mwenye duka la pembeni nani hulipa maji. Muulize imamu nani alizikwa kutoka nyumba ile. Nenda kwa mzee wa mtaa. Kisha angalia Gazeti Rasmi la Serikali linalotoka kila Ijumaa: humo mna matangazo ya hati zilizopotea na ya mirathi. Na matangazo ya mnada magazetini. Ukifika kwa dalali uwe unajua zaidi yake, na umuulize kama amesajiliwa, kwani sheria ya madalali wa nyumba yamtaka awe amesajiliwa. Anayekudai pesa za kuonyeshwa tu nyumba, muage.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wenye pesa hupotelea. Kutoka nje nyumba tupu za Mji wa Kale zote zafanana, lakini kila moja imefungwa kwa sababu yake. Baadhi zilianza kufa pale meli kubwa zilipohamia Kilindini na majahazi ya Bandari ya Kale yakapungua. Wafanyabiashara waliojenga ghala chini na makazi juu hawakuwa tena na sababu ya kukaa karibu na forodha. Nyingine wenyewe wamehamia Tudor, Nyali au Bamburi wapate mahali pa kuegesha gari. Nyingine zimegeuzwa stoo, na kutoka nje huwezi kuona tofauti. Biashara ya kisiwa ilipigwa tena mwaka 2019, mizigo ya bandarini ilipoamriwa kupanda treni ya SGR, na watu wakaandamana barabarani. Amri hiyo ilibatilishwa Septemba 2022. Katika miaka hiyo mitatu si wachache waliofunga milango. Ila sababu kubwa kuliko zote, kwa ninavyoona mimi, haimo katika uchumi. Imo katika vifo ambavyo havikufuatwa na makaratasi.

WAKILI: Mama, niruhusu nimfanyie hesabu ya nyumba yenu.

MRITHI: Mfanyie. Haina siri, mtaa wote wajua.

WAKILI: Babake mama alikufa akaacha mke, wana wawili wa kiume na binti watatu. Kwa mirathi ya Kiislamu mke ana thumuni. Saba ya nane inayobaki hugawanywa, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja: kila mwana robo, kila binti thumuni. Hakuna aliyekwenda kwa Kadhi. Mke naye akafa, wazazi wake hawapo, fungu lake likarudi kwa watoto wale wale. Sasa nyumba ni mafungu saba: wana wawili mawili mawili, binti watatu moja moja. Kwa nyumba ya milioni 14, fungu ni milioni 2. Mpaka hapo yaeleweka. Lakini mwana mmoja alihamia Maskati na kufia huko, akaacha mke, wana wawili na binti watatu. Mafungu yake mawili yamekatwa upya. Kila binti wa Maskati ana sehemu moja ya 28 ya nyumba hii. Nusu milioni. Wenye nyumba leo ni watu kumi, na baadhi yao hawajawahi kuukanyaga mlango huu.

MNUNUZI: Basi nitawalipa wote kumi. Shida iko wapi?

WAKILI: Shida ni kwamba ukifanya sachi kwenye afisi ya ardhi hutaona jina la hata mmoja wao. Utaona jina la babake mama. Au la babu yake, kwa sababu hati nyingi za kisiwani zilizaliwa na sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, pale serikali ya kikoloni ilipowataka watu wa ukanda wa maili kumi waje kudai ardhi zao. Aliyedai akapewa cheti. Asiyedai, ardhi ikahesabiwa ya serikali. Vyeti vile vimekaa makabatini, na majina yaliyomo ni ya marehemu. Marehemu hatii sahihi. Kwanza Kadhi awatambue warithi, kisha majina yaingie kwenye rejista, ndipo pauzwe.

MNUNUZI: Na kama kaka wa mama akiniuzia mafungu yake mawili kwanza? Nikaingia ndani, wengine nikawanunua polepole?

MRITHI: Ati?

WAKILI: Huo ndio mchezo wa madalali, na kesi nyingi huanzia hapo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema mwenye fungu lake katika ardhi ya pamoja hawezi kulihamishia mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya wenzake. Ni kweli wenzake nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana. Lakini hebu fikiria: wanunua sehemu ya mlango, sehemu ya ngazi, na watu tisa wenye hasira nawe.

MRITHI: Na mimi nitakuwa wa kwanza wao, mwanangu, wallahi.

WAKILI: Jambo jingine. Wale wa Maskati wana pasipoti gani?

MRITHI: Za Oman. Za hapa walirudisha zamani.

WAKILI: Basi kwa Katiba ya 2010 si raia wa Kenya, na asiye raia hawezi kushika ardhi hapa ila kwa lisi isiyozidi miaka 99. Haina maana kwamba fungu lao limepotea. Maana yake ni kwamba karatasi zao zahitaji kazi zaidi, na watahitaji kumpa mtu hati ya uwakala, itiwe sahihi huko mbele ya anayeruhusiwa na isajiliwe hapa. Na wewe kaka, pasipoti yako?

MNUNUZI: Ya Kenya. Sikuiachia.

WAKILI: Alhamdulillahi.

MNUNUZI: Haya. Tuseme hii ni ngumu. Dalali ana nyingine mbili. Moja upande wa Majengo, yauzwa chini ya nusu ya hii. Nyingine Kuze, ghorofa mbili, bei ya kutupa.

FUNDI: Hiyo ya Majengo naijua. Yauzwa kuta.

MNUNUZI: Kuta vipi?

WAKILI: Nyumba bila ardhi. Mombasa huko ndiko nyumbani kwake. Kiwanja ni cha mtu mwingine, na mwenye nyumba alijenga kwa ruhusa, kila mwezi akilipa kodi ya kiwanja. Twauziana kuta na paa kwa karatasi ya makubaliano, na kwenye rejista ya ardhi hakuna anayekujua. Mwenye kiwanja akiuza ardhi yake kwa mwekezaji wa ghorofa, umebaki na kuta juu ya ardhi ya mtu asiyekutaka. Watu wameishi hivyo vizazi kadhaa na siwadharau, hawakuwa na njia nyingine. Lakini usiilipie kama hatimiliki.

MRITHI: Na hiyo ya Kuze ni wakfu. Bibi mmoja aliiwakifu kwa msikiti na mayatima kabla mimi sijazaliwa. Nani huyo anayeiuza?

WAKILI: Wakfu hauuzwi, hautolewi zawadi wala haurithiwi. Ukishausikia, nenda kwa Tume ya Wakfu, iko hapa hapa Mombasa, uulize. Waweza kupanga. Kununua, huwezi. Aliyekuuzia amekuuzia hewa, na pesa zako ameshazila.

MNUNUZI: Naona kama mwanizuia kwa kila upande.

FUNDI: Twakuonyesha pa kukanyaga, kijana. Sikiza sasa yangu, maana hao wote wamezungumza karatasi. Nyumba ya mama niliingia mara ya mwisho kubandika bati. Nitakwambia mnunuzi huangalia nini, na mimi huangalia nini. Mnunuzi hutazama mlango wa nakshi. Mimi hutazama juu, pale boriti inapoingia ukutani. Boriti haiozi katikati. Huoza kichwani, ndani ya ukuta, mahali usipopaona, kwa sababu maji ya paa huteremka ndani ya ukuta na kukaa pale. Nachukua nyundo ndogo nagonga boriti moja moja kutoka katikati kwenda ukutani. Nzima huitika. Iliyooza husema kwa sauti nzito, ya ndani. Kisha nachukua msumari wa inchi nne nauchoma pale penye shaka. Ukiingia kama kisu kwenye boflo, hiyo dari yasimama kwa mazoea tu.

MNUNUZI: Nitoe boriti niweke zege. Nimeona wengi wamefanya hivyo.

FUNDI: Na wengi wameua nyumba hivyo. Kuta hizi ni matumbawe na chokaa. Zinanyonya maji ya chini yenye chumvi na kuyatoa kwa kupumua. Ukizipaka saruji umezifunga pua. Maji hayatoki nje, basi yapanda juu, hatua kwa hatua, mpaka yafikie vichwa vya boriti. Ukiona plasta ya saruji inabanduka vipande vipande na nyuma yake pana unga mweupe wa chumvi, ujue hapo palitengenezwa vibaya, na itabidi ulipe kubomoa kazi ya fundi wa kwanza kabla ya kulipa yangu. Na zege ni zito. Ukuta haukujengwa kulibeba. Tena ukuta ule si wa mama peke yake, upande wa pili ni wa jirani. Ukitoa dari yote kwa siku moja, ukuta wa jirani hauna kinachoushikilia.

MRITHI: Mueleze na habari ya choo.

FUNDI: Naam. Uliza maji machafu huenda wapi. Nyumba nyingi bado zategemea shimo la zamani chini ya ua. Ukileta wageni wanne wa kuoga asubuhi na jioni, shimo lile halitakuvumilia, na unyevu utarudi kwenye msingi. Uliza pia kilichowekwa juu. Kuna nyumba iliyofanywa stoo ya mchele. Dari ya boriti na kokoto za matumbawe peke yake ni mzigo. Ukiongeza magunia umeivunja mgongo kabla hujainunua. Na kila kitu kitaingia kwa mkokoteni, kisha kwa kichwa, maana lori haliingii kichochoroni. Boriti zanunuliwa kwa kori, ishirini ishirini, na tangu ile marufuku ya kukata miti ya 2018 tumejifunza kutotegemea kwamba mzigo wa Lamu utafika siku uliyoutaka.

MNUNUZI: Basi nipe makadirio. Milioni ngapi?

FUNDI: Sikupi. Fundi anayekupa bei kamili ya nyumba ambayo hajaifungua dari hakusemi kweli. Nilipe siku mbili nifungue mahali pane: kichwa cha boriti kila upande, chini ya ngazi, na mguu wa ukuta wa nyuma. Ndipo tuzungumze. Na hata hapo, weka kando theluthi moja zaidi ya nitakayokwambia.

Sina cha kumwongezea Fundi isipokuwa hili. Mwenye kudhani kwamba jengo kubwa lenye jina halianguki akumbuke Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyomalizwa mwaka 1883. Ilifungwa kwa ubovu, matengenezo yakasubiriwa miaka, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiwa inaendelea, upande wake mmoja ukaporomoka na kuua watu wawili. Lile lilikuwa jengo la serikali, ndani ya mji uliomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, likiwa na wafadhili. Nyumba ya watu kumi waliotawanyika haina hata hayo.

WAKILI: Kabla ya Fundi kufungua dari, kuna vibali. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, lina mpango wake tangu 1990, na juu yake ipo Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Mlango, roshani, kimo cha jengo, sura ya nje, vyote vina mwenyewe wa kuulizwa: Makavazi ya Taifa kwa upande mmoja, kaunti kwa upande wa pili. Usifikirie kupandisha ghorofa tatu juu ili urudishe pesa.

MNUNUZI: Na duka la chini? Nimeona kuna mshonaji.

MRITHI: Yule yuko tangu uhai wa marehemu baba. Hulipa kidogo, lakini hulipa.

WAKILI: Ana mkataba ulioandikwa?

MRITHI: Wa nini? Twajuana.

WAKILI: Basi ni mpangaji anayelindwa na sheria ya maduka na mahoteli. Hatolewi kwa kuambiwa toka. Ilani ya miezi miwili, na akipinga, mwaenda mbele ya baraza la kodi za biashara. Kaka, uliandika kwenye daftari lako kwamba nyumba ni tupu. Ina mtu, ana cherehani, na haki yake ni kongwe kuliko pesa zako. Na kama kungekuwa na mwingine aliyeingia bila ruhusa ya mtu na kukaa waziwazi miaka 12, angeweza kwenda mahakamani kudai nyumba yenyewe. Aliyekaa kwa ruhusa, kama mlinzi au jamaa, hana dai hilo. Kwa hiyo uliza kila mtu unayemkuta ndani: nani alikuruhusu?

MNUNUZI: Nimeelewa. Sasa nipigie hesabu ya faida, kwa kuwa naona umekuja na kalamu.

WAKILI: Tuchukue bei ya dalali, milioni 14. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, laki tano na sitini elfu. Matengenezo tuseme milioni 6, ingawa Fundi hapo amekunja uso. Mthamini, wakili, vibali na sachi, laki nne na arobaini elfu. Jumla milioni 21. Tuseme usiishi humo, ukodishe nyumba nzima kwa 120,000 kwa mwezi, na miezi miwili ya mwaka pasiwe na mtu. Unapata 1,200,000. Kodi ya mapato ya nyumba ya kukaa ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea tangu Januari 2024, kwa hiyo 90,000 yaenda. Chokaa, bima na mabomba, weka 150,000. Inabaki 960,000. Kwa milioni 21, hiyo ni chini ya asilimia 5 kwa mwaka. Na hayo ni makadirio ya mtu mwenye bahati.

MRITHI: Na benki wanatoa ngapi?

WAKILI: Benki ni riba, mama, siitaji. Lakini mwaka 2023 dhamana ya Kiislamu ya kwanza ya Kenya, ile sukuk ya Linzi ya kujengea nyumba, shilingi bilioni 3, iliahidi mapato ya asilimia 11 na ushee. Mtu hakuhitaji kupanda ngazi wala kugonga boriti.

MNUNUZI: Hesabu yako imeacha kitu. Thamani itapanda. Kisiwa hakizai ardhi.

WAKILI: Huenda ikapanda. Siku utakayouza, serikali itachukua asilimia 15 ya faida, tangu Januari 2023. Na utauza kwa nani, nyumba usiyoweza kuibomoa wala kuipandisha? Mnunuzi wako atakuwa mtu kama wewe, anayeipenda. Watu hao ni wachache na hawana haraka.

MNUNUZI: Basi mimi ni mmoja wao. Mamangu alizaliwa mtaa huu. Sikuja kutafuta asilimia 11. Kama ingekuwa hivyo nisingepoteza laasiri yangu hapa.

MRITHI: Ungelisema hivyo tangu mwanzo tungelikwisha kunywa kahawa. Lakini sikiza mwanangu. Wapenzi wa nyumba twawajua. Nenda Lamu, nenda Shela. Wazungu walizipenda nyumba zile, wakazinunua, wakazitengeneza vizuri kuliko sisi, kweli tupu. Sasa nyingi zajaa msimu wa wageni, na miezi mingine mna mlinzi na paka. Nyumba imepona, mtaa umehama. Hiyo nayo si nyumba tupu? Mimi nikiuza, nataka nijue asubuhi mlango utafunguliwa na mtoto anayekwenda chuoni.

MNUNUZI: Na wewe mama, usipouza, nani anaufungua? Tusiseme mwekezaji ndiye anayeua mtaa wakati wenyewe mmeufunga. Warithi kumi mnalaumiana kwa simu na paa lavuja. Aliyeiacha nyumba ianguke kwa kuogopa kuiuza hakuihifadhi.

FUNDI: Hapo kijana amesema.

MRITHI: Amesema. Sikatai.

Huu ndio mzizi wa ubishi, na siwezi kuwapa ushindi sawa. Kwa hoja, Mnunuzi ana haki: uchungu wa urithi hauukingi ukuta wa matumbawe na mvua. Lakini kwa dawa, namwunga mkono Mrithi, kwa kuwa nimeona mauzo ya haraka yanavyoishia. Fungu moja huuzwa kwa siri, kesi hufunguliwa, amri ya mahakama ya kuzuia ujenzi hutolewa, na nyumba hukaa miaka mingine huku mvua ikiingia, safari hii kwa idhini ya sheria. Nyumba ya namna hii haina budi kupita hatua tatu kwa mpangilio: warithi watambuliwe, paa lizibwe, kisha ndipo bei izungumzwe. Dalali huzigeuza, huanza na bei. Na kati ya hatua ya pili na ya tatu iko njia ambayo haitumiki vya kutosha: kupanga kwa muda mrefu.

WAKILI: Nilitaka kufika hapo. Kaka, chukua lisi ya miaka 15 au 20, iandikwe, isajiliwe kwenye hati. Wewe utengeneze kwa pesa zako, kwa orodha iliyokubaliwa na Makavazi, na gharama hizo zikatwe katika kodi. Warithi wabaki na nyumba yao, mshonaji abaki na cherehani yake. Muda ukiisha, wewe uwe wa kwanza kuulizwa kama wanauza. Pesa zako hazitafungwa milioni 14 siku ya kwanza. Zitaingia katika boriti.

MNUNUZI: Na watoto wangu? Nitengeneze nyumba ya watu miaka ishirini, kisha niwaachie nini?

WAKILI: Utawaachia muda uliobaki katika lisi, kama utabaki. Na akiba ambayo hukuizika.

MNUNUZI: Si sawa na nyumba. Nasema kweli, si sawa. Nimekaa nyumba za kupanga miaka yote ya Maskati.

MRITHI: Nakuelewa, mwanangu. Nami sitakudanganya kwamba wale wa Maskati watakubali lisi. Wao huenda wakataka pesa mkononi, nusu milioni zao wamalize. Hao huenda wakawa wako kabla yangu.

FUNDI: Mimi sina fungu wala sina lisi. Lakini masika ni Machi hii kuingia Aprili. Ule mkuyu wa ukutani, mizizi yake imeshafika ndani. Ukikatwa sasa ukuta waponeka, ukiachwa mpaka Juni utatoka na ukuta wake. Mabati ya upande wa nyuma hayana maana tena. Hayo mawili hayahitaji mnunuzi, hayahitaji hati mpya wala Kadhi. Yahitaji mafundi wawili, turubai, mabati machache na mkokoteni. Swali langu ni moja tu, nani atoa?

MNUNUZI: Nitatoa mimi.

MRITHI: Hutatoa wewe. Ukitoa wewe, kesho dalali atasema umeshaingia. Tutatoa sisi wenyewe. Fungu langu ni moja katika saba, andika, nalilipa leo. Haya wakili, mafungu sita yaliyobaki yana wenyewe Mombasa na Maskati. Yaandikie barua.